Kisu Kipya, Makali ya Siku Chache: Uzoefu Wangu

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili kwa sababu nitakayoieleza huko mbele, na huenda nikabadilisha tena kabla sijamaliza kuandika, maana hakuna chombo cha jikoni kilichowahi kunifurahisha na kuniudhi kwa pamoja kiasi hiki.

Ni kile kisu kikubwa cha mpishi, cha chuma cha pua kisichoshika kutu. Urefu, uzito na mpini mtavisoma wenyewe kwenye kasha. Mimi nazungumzia makali tu. Siku ya kwanza kilipita kwenye karatasi ya gazeti niliyoishika hewani bila kukwama popote, na kikanyoa vinyweleo vya mkono wangu. Nilifurahi mno. Siku zile za mwanzo nilikuwa natafuta kitu cha kukata hata pasipo na haja ya kukata.

Kisha makali yakatoweka. Sisemi yalipungua polepole, maana kisu chochote kinachotumika hupungua makali na sina ugomvi na hilo. Hiki hata wiki hakikumaliza, kikawa kinateleza juu ya ganda la nyanya, nikikandamiza nyanya inapasuka. Ubao wangu ni wa mti, si kioo wala marumaru. Sikukatia mfupa. Hakijawahi kuingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo, wala kulala kwenye droo na vijiko. Naosha kwa mkono, nafuta, narudisha kwenye ala. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo niliyoulizwa dukani, na niliulizwa kama mshitakiwa.

Maana nilikirudisha. Kijana wa kaunta alikitoa kwenye kasha, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa bapa, akasema, "Dada, kisu hiki kizima. Kasoro iko mkononi." Mkononi mwangu! Nikamwomba akate karatasi mbele yangu. Akachukua risiti yangu mwenyewe akaivuta kwenye makali, ikakwama katikati, ikachanika. Wateja wengine wamesimama wanatazama. Nilitegemea atasema pole. Akasema, "Visu vinanolewa, dada. Au ulidhani hiki ni cha maisha?" Nikamjibu, "Kaka, kunoa najua. Ninachouliza ni kwa nini kimekufa mapema hivi." Hakujibu. Akanyosha kidole kwenye rafu yenye vile vinoleo vya kuvuta, vyenye vipande viwili vya chuma kigumu vilivyopishana, kwamba ninunue kimoja. Halafu akainamia simu yake. Hakuita meneja, hakuandika malalamiko yangu popote. Nilirudishiwa kasha limefungwa ovyo, ncha ya kisu imetokeza nje, na ni bahati tu sikujikata njiani.

Nilirudi nyumbani natetemeka kwa hasira. Nikakitia kisu chini ya taa, nikachukua lenzi ya kukuzia. Anayenoa anajua kwamba makali yaliyo hai hayaonekani: ukingo wa kisu kilichonolewa vizuri hauzidi mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali unywele wa mtu una mikroni kati ya 50 na 100, kwa hiyo ukiuelekeza kwenye taa hakuna uso wa kurudisha mwanga. Penye kumetameta ndipo pabutu. Changu kilimetameta karibu urefu wote. Na nilipokaza macho nikaona zaidi: mahali pengine kuna utepe mwembamba wa chuma uliolala upande mmoja kama nyasi iliyokanyagwa, mahali pengine utepe huo umekatika na kuacha vipengo vidogo.

Huo ni unyuzi. Ukisugua chuma upande mmoja hadi ukingoni, chuma chembamba kabisa hakiondoki, kinasukumwa na kujikunja upande wa pili. Kila anayenoa huupata, awe na jiwe, mashine au tupa. Kunoa hakujaisha mpaka unyuzi uondolewe. Kiwandani kisu hupitishwa kwenye ukanda wa msasa unaokwenda kasi, kisha kwenye gurudumu la kung'arishia, kazi ya muda mfupi sana kwa kila kisu. Kama gurudumu halikuung'oa unyuzi, linaunyosha tu na kuung'arisha usimame wima. Na unyuzi uliosimama wima unakata ajabu! Ni mwembamba kuliko makali yenyewe. Unanyoa, unapita kwenye karatasi, unamvutia mnunuzi. Ukigusa ubao mara kadhaa unapinda, na chini yake hakuna makali, kuna ukingo mnene ambao haukuwahi kumaliziwa.

Sikuubuni unyuzi huu kwa hasira zangu. Profesa John Verhoeven wa Iowa State University, Marekani, alichapisha mwaka 2004 majaribio yake ya kunoa visu akiwa amepiga picha za kingo kwa darubini ya elektroni, na unyuzi unaonekana wazi kwenye picha hizo. Hata kipimo cha kimataifa cha visu, ISO 8442-5, kinatenganisha mambo mawili: jinsi kisu kinavyokata mwanzoni kabisa, na jumla ya kinachokata kadiri makali yanavyoliwa. Mashine hukivuta kisu kwenye karatasi nene iliyotiwa mchanga laini, na kila jambo hupewa hesabu yake. Kwa hiyo watu wa viwandani wanajua vizuri sana kwamba kukata siku ya kwanza si sawa na kudumu. Kizuri chajiuza, hiki kilijitembeza kwa maandishi makubwa ya "makali ya wembe" kwenye kasha, na kwa siku ya kwanza hawakudanganya.

Kuna jingine, la joto. Ukingo ni mwembamba mno, na ukanda ukienda mkavu bila maji, msuguano huchemsha chuma pale pale ukingoni. Chuma kilichokwisha kugumishwa kikipata joto kupita lile kilichopashwa mara ya mwisho kiwandani, hulainika. Sehemu inayoathirika ni ndogo mno hata rangi haibadiliki mbele ya macho yako. Ndiyo maana wanoaji wengi husema kisu kipya huonyesha tabia yake halisi baada ya kunolewa mara kadhaa, chuma kile cha juu kikishaondoka.

Kabla mtu hajaniuliza: ndiyo, nilitumia fimbo ya chuma ya kunyooshea makali kwanza. Chuma cha visu vya namna hii kina ugumu wa kama 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell, ni laini vya kutosha kunyooshwa na fimbo. Makali yalirudi kwa muda wa kupika mlo mmoja, yakalala tena. Fimbo inanyoosha kilichopinda. Kama kilichopinda ni unyuzi, unaunyoosha unyuzi. Na kinoleo cha kuvuta alichonionyesha yule kijana sikukinunua na sitakinunua: kinakwangua chuma kwa pembe iliyokwisha pangwa na kuacha ukingo wenye mikwaruzo na unyuzi mwingine juu yake. Yaani nimeuziwa unyuzi, kisha nikaelekezwa rafu ya kununua mashine ya kutengeneza unyuzi.

Basi nikaloweka kinoo changu, chenye namba 1000 upande mmoja na 3000 upande wa pili (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi), nikaketi.

Kwanza nilipaka wino wa kalamu nene kwenye miteremko yote miwili ya makali. Ukisugua mara mbili tatu, wino unakuambia jiwe linagusa wapi: ukibaki ukingoni umelaza kisu mno, ukifutika ukingoni tu umekiinua mno. Na hapo wino ukanionyesha lililonikera kuliko unyuzi. Mteremko wa kulia ulikuwa mpana, wa kushoto mwembamba, na karibu na mpini pembe ilikuwa butu kabisa, dhahiri kwamba mtu alikipitisha kwenye ukanda kwa haraka na kukiondoa kabla hakijafika mwisho. Kisu kile kile kina pembe tatu tofauti!

Nikachagua pembe ya nyuzi 15 kila upande. Bapa langu lina upana wa milimita 45 hivi, kwa hiyo mgongo unainuka karibu milimita 12 juu ya jiwe. Nyuzi 20 zingetaka kama milimita 15. Unapima mwanzoni, kisha mkono unashika wenyewe. Upande mmoja unasuguliwa mpaka unyuzi usikike upande wa pili urefu wote, kuanzia mpini hadi ncha, kwa kuteleza kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali. Usipousikia mahali, bado hujafika ukingoni, hata jiwe liwe la bei gani. Karibu na mpini nilikaa muda mrefu sana. Kazi ambayo kiwanda kililipwa kuifanya niliifanya mimi kwa viganja vyangu, na kila niliposukuma nilimkumbuka yule kijana na maneno yake.

Nikageuza. Halafu ikaja hatua ambayo kiwanda kiliiruka, nayo ndiyo yenye thamani: kuuondoa unyuzi. Unapunguza mkandamizo hadi uzito wa kisu peke yake, unabadilisha upande kila mpito, makali yakitangulia. Nikafanya hivyo kwenye upande wa 3000, nikamaliza kwa mkanda wa ngozi, makali yakiburutwa nyuma. Chini ya lenzi, giza tupu ukingoni. Hakuna kumetameta.

Sasa sikilizeni. Ni miezi kadhaa imepita, na kisu kile kile, kwenye ubao ule ule, kwa mkono ule ule ulioambiwa una kasoro, bado kinapita kwenye nyanya kwa uzito wake. Kikichoka kidogo nakipitisha kwenye ngozi, kinaamka. Chuma ni kizuri! Ni kizuri kweli, kinanoleka kwa urahisi, hakimeguki, na jinsi uzito wake unavyokaa sawa mkononi inapendeza. Hapo ndipo ilipotoka nyota ya pili, na nikiwa naandika haya naona ni haki nifike nne. Kama una kinoo na umezoea kunoa, kinunue, ukinoe kabla hujakatia chochote. Nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Lakini nne nampa nani? Nikifikiria zaidi nashikwa na ghadhabu upya. Mimi nilikuwa na jiwe na lenzi. Wanunuzi wengi hawana. Mama mtu mzima anajinyima, ananunua kisu kizuri, siku chache baadaye kinamteleza, anakandamiza zaidi, na kisu butu kikikandamizwa ndicho kinachohama kwenye ganda na kuingia kidoleni. Anakirudisha dukani, anaambiwa kasoro iko mkononi. Naye anaamini. Anadhani vidole vyake vimezeeka. Anarudi nyumbani na kinoleo cha kuvuta alicholipia juu ya hasara ya kwanza. Walioharibu walikuwa na chuma kizuri na kila mashine, wakakosa subira ya dakika ya mwisho. Hili siwezi kulisamehe kwa sababu tu mimi niliweza kulitengeneza.

Nashusha. Tatu.

Kwa kiwanda nina ombi moja linaloweza kutekelezwa kesho: andikeni pembe kwenye kasha. Nyuzi 15, nyuzi 20, mliyokusudia ninyi wenyewe, ili anayenoa aifuate na anayekagua kwenu awe na cha kukagua. Na ile karatasi ya dhamana mliyoitia ndani nimeisoma usiku huu, mstari kwa mstari. Inahusu mpini kulegea na bapa kuvunjika. Makali, imeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo, hayahusiki. Mnauza kisu, mnaandika makali yake mbele kwa herufi kubwa kuliko jina lenu, kisha mnayatoa kwenye dhamana. Nawaandikia barua ya kuuliza hilo, na jibu nitakalopata, hata likiwa kimya, nitalileta hapa hapa.