Forester ya mtumba: kabla hujatoa hela, fungua boneti utafute fyuzi moja

Naandika haya hasira zikiwa bado za moto, na sitaki kungoja zipoe. Zikipoa nitaanza kumtafutia sababu yule aliyeniuzia, nitaishia kusema "ndiyo biashara", na mwingine atauziwa kama nilivyouziwa mimi.

Mwaka juzi, masika yakikaribia, nilinunua Subaru Forester ya toleo la pili, otomatiki, isiyo na tabo (turbo), namba C. Ukubwa wa injini na ulaji wa mafuta katafute mwenyewe, vimejaa kila mahali. Mimi niliitaka kwa jambo moja. Mama yangu anakaa milimani, Usambara, mbele ya Lushoto, na kipande cha mwisho cha kuteremkia nyumbani ni udongo mwekundu mtupu. Mvua ikishika, udongo ule ni sabuni. Miaka yote nilikuwa naacha kigari changu juu barabarani, navua viatu, nateremka kwa miguu dawa zake za presha nimezikumbatia kifuani. Nilipopata hela nikasema sasa nanunua gari inayovuta matairi yote manne, nifike mpaka mlangoni kwa mama.

Niliipata yadi moja Dar es Salaam. Ilikuwa safi kupita kiasi. Injini imeoshwa inameta, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha, viti vimevishwa vitambaa vipya. Leo nikiona injini ya gari ya zamani inameta hivyo naondoka zangu, maana iliyooshwa asubuhi haikuonyeshi inapovuja. Siku ile niliona ni dalili ya kutunzwa. Kosa kubwa zaidi ni kwamba fundi wa kuikagua nililetewa na dalali. Akaizunguka, akagongagonga bodi, akachomoa kijiti cha oili akakitazama, akasema, "Dada, hii ni chuma." Nikamlipa shilingi 30,000.

Nikaiendesha. Breki nzuri, haivuti upande, gia zinaingia taratibu. Nikalipa milioni 12 na nusu, tukaandikishana kwa mwanasheria. Kwenye mkataba kulikuwa na mstari unaosema mnunuzi ameikagua gari na ameridhika nayo. Nilisaini bila kuusoma mara mbili.

Chalinze, Segera, Mombo, raha tupu. Kuanzia Mombo kupanda, zile kona zinazojikunja juu ya bonde, gari ilikuwa inazikata laini kabisa. Nilisimama Soni kununua matunda, nikampigia mdogo wangu simu nikaisifia mpaka salio likakata. Sikujua kwamba ule ulaini wa kwenye kona ndio uongo wenyewe niliouziwa.

Mvua ilikuwa imepiga siku mbili. Tuliacha lami, tukateremka vizuri tu, na hatua kama 100 kabla ya nyumbani, kwenye kijimlima kidogo ambacho hata bodaboda wanakipanda, gari ikaanza kuteleza, ikakaa. Nikakanyaga mafuta, ikazidi kuchimba. Watu wakaja kusukuma. Mjomba wangu alikuwa anatoka msikitini, ilikuwa Ijumaa, amevaa kanzu nyeupe na bado akaweka bega lake ubavuni mwa gari. Nilipokanyaga tena, tairi la mbele lilimrushia tope kuanzia kifuani mpaka kwenye kofia. Hakusema neno.

Kijana mmoja aliyekuwa nyuma ndiye aliyeita, "Dada, haya ya nyuma mbona yamelala?" Nikamjibu kwa ukali haiwezekani, hii inavuta yote manne. Akasema, "Shuka uone." Nikashuka, mwingine akaingia kukanyaga. Kwenye tairi la nyuma kulikuwa na unyasi mmoja umenasa katikati ya kashata, yale meno ya tairi. Injini inanguruma, mbele kunachimbika shimo, na ule unyasi haujasogea hata upana wa kidole.

Mama alikuwa amesimama juu na mwavuli wake. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, si ulisema hii inafika?" Nililia pale pale mbele za watu. Gari ikarudishwa juu kwa kusukumwa, nikavua viatu kama zamani.

Jioni nikampigia muuzaji. Nilianza kwa adabu, "Kaka, samahani, gari ina tatizo, nyuma haivuti." Akasema, "Dada, hizo gari zinataka anayejua kuendesha kwenye tope. Mwambie shemeji anipigie, tutaelewana." Nikamwuliza shemeji yupi. Hela ilitoka kwenye akaunti yangu, mkataba una jina langu, ufunguo ulinikabidhi mimi mkononi. Alipokuwa anahesabu zile noti hakumwulizia shemeji. Akacheka, akasema atanipigia. Hajapiga mpaka leo. Gari kuharibika ninaelewa, chuma ni chuma. Kile kicheko sijakielewa na sitakisamehe.

Wiki iliyofuata niliipeleka Tanga kwa fundi mmoja mtu mzima, anayezifahamu gari hizi tangu zianze kuingia kwa wingi. Hata hakupanda. Alifungua boneti, akapitisha macho kama anayetafuta sindano, akanyoosha kidole. "Mwanangu, hii umeiweka wewe?" Kilikuwa kishikio kidogo cha fyuzi, pembeni, kina herufi tatu: FWD, yaani kuvuta kwa mbele tu. Ndani yake kuna fyuzi.

Alinieleza, na nitaeleza alivyonieleza. Kiwanda kilikiweka kishikio hicho kwa nia njema, kwenye Forester na Legacy nyingi za otomatiki za miaka ile zisizo na tabo. Ukipata pancha ukafunga tairi la akiba dogo, unachomeka fyuzi pale, gari inaacha kuvuta nyuma, usije ukaua gia boksi. Kawaida kishikio kinakaa kitupu. Fyuzi ikiingia, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi. Yangu haikuwahi kuwaka. Tukafungua dashibodi: balbu imetolewa. Mtu alikaa, akafungua skrubu moja moja, akatoa balbu moja tu, akafunga vizuri. Kazi ya mikono hiyo, si bahati mbaya.

Kwa nini ahangaike hivyo? Fundi akatoa ile fyuzi, akaniambia niendeshe kama dakika 20 gari ipate joto, halafu nikate usukani mpaka mwisho kwenye lami kavu niizungushe polepole. Gari ikakataa. Ilikuwa inaruka-ruka nyuma kama mtu amevuta hendibreki, inakwama, inaachia, inakwama tena, na chini kunagonga. Ukikata kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kidogo kuliko ya nyuma. Kwa hiyo kwenye mkia wa gia boksi kuna klachi ya sahani kadhaa inayoruhusu mbele na nyuma vipishane. Yangu ilikuwa inang'ang'ania, haiachii. Mnunuzi yeyote angeisikia kwenye kona ya kwanza. Fyuzi ikamaliza tatizo la muuzaji, likawa langu kwenye tope.

Kisha fundi akaomba futi ya kitambaa kwa fundi cherehani wa jirani. Akapima mzingo wa kila tairi. Ya mbele yalikuwa mapya ya kampuni moja, ya nyuma yamelika na ni ya kampuni nyingine, na yameandikwa saizi tofauti. Yale yaliyopakwa dawa ya kung'arisha! Nilikuwa nimeyatazama nikaona yanang'aa, basi. Kwenye gari hizi mizingo ya matairi manne haitakiwi kupishana zaidi ya milimita 6 hivi. Ikipishana zaidi, hata barabara iliyonyooka kwa ile klachi ni kona isiyoisha: inasuguana kutwa nzima, inaungua. Aliyeimiliki kabla yangu alinunua matairi mawili badala ya manne ili aokoe hela, na mimi ndiye niliyeilipa ile hela.

Basi sikiliza, wewe unayetafuta gari ya namna hii. Nenda asubuhi na mapema bila kuaga, uguse injini. Ikiwa tayari ina joto, uliza ni nani ameiwasha na kwa nini. Kipimo cha kona usikubali kukifanyia kwenye kokoto wala vumbi, maana pale matairi yanateleza na ugonjwa unajificha. Lami kavu, gari ya moto, usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, mguu nje ya mafuta. Kabla ya hapo angalia kile kishikio kwa macho yako. Ukiona kitupu bado hujamaliza, muuzaji anaweza akaichomoa fyuzi ukiwa mlangoni, na kona ndiyo itakayomuumbua. Halafu tafuta sehemu ya mchanga mlaini, mtu wako asimame nje atazame matairi ya nyuma unapoondoka. Mtu wako, nasema, asiwe wa dalali. Zenye gia za mkono hazina kishikio hicho, lakini kipimo cha kona kinazikamata vilevile.

Ukiwasha na taa ya joto la oili ya gia boksi ikapepesa mara 16, kompyuta inakuambia kuna hitilafu imehifadhiwa humo. Usikubali kuambiwa ni waya tu.

Mengine nayataja haraka kwa sababu mimi hayakuniuma, ila yamewauma wenzangu. Injini ya lita 2.5 ya miaka ile ina jina baya kwa gasketi ya silinda hedi. Yenye lita 2.0 inasifiwa kuwa na nafuu, lakini usiape. Baada ya mzunguko mrefu tazama tanki la akiba la maji: mapovu yasiyokoma au utando wa oili, ondoka. Mkanda wa taiming ukikatika unakunja valvu, na muda wake ni kama kilomita 100,000. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ya tarehe na kilomita mkanda ulipobadilishwa, itafute chini ya boneti, na hapo hapo uilinganishe na kilomita za dashibodi. Stika ikisema 130,000 na dashibodi inasema 98,000, mmeshamaliza mazungumzo. Tazama gari nyuma ikiwa haina mzigo. Ikiwa imekalia matako, shokapu zake za nyuma za kujiinua zimekufa, na bei yake itakushtua. Faini za trafiki ziangalie kwa namba ya gari kabla ya kuhamisha umiliki.

Nilianza kuandika nikiwa nimepanga kusema msinunue kabisa hizi gari. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila mtu kazini kwa miezi. Sasa siwezi. Fundi alishusha propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma, akafungua mkia wa gia boksi kutokea chini bila kushusha gia boksi nzima, akabadilisha sahani za ile klachi na solenoidi yake, yaani valvu ya umeme inayoiendesha, akamwaga oili na kuiweka mpya zaidi ya mara moja. Nikanunua matairi manne yanayofanana kila kitu. Jumla milioni 2 na ushee, ambazo hazikuwa kwenye bajeti yangu na ziliniacha na mkopo. Nikampigia muuzaji nimwombe tuchangie nusu kwa nusu. Namba yangu ameizuia. Nikapiga kwa simu ya kaka yangu, akapokea, akasikia sauti yangu, akasema, "Mkataba unasema umeikagua," akakata.

Masika iliyofuata nilipanda tena. Kijimlima kile kile, tope lile lile, mvua inanyesha. Nilishusha kioo nikamwambia yule kijana asimame nyuma atazame. Gari ilitulia kidogo, nikahisi nyuma kunasukuma, ikapanda. Haikuteleza hata mara moja. Kijana alikuwa anakimbia pembeni anapiga kelele, "Yanazunguka! Yanazunguka!" Mama alitoka na kitenge chake akashika mlango wa gari kama anashika mkono wa mgeni. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki Lushoto kutoka mlangoni pake, mvua juu, hakukanyaga tope.

Kwa hiyo ninunue tena? Ndiyo, hii hii, hata kesho. Halafu nakumbuka kile kicheko na lile neno "shemeji", na yule fundi wa kuletewa, na balbu iliyotolewa kwa mkono, nasema hapana, bora ningekaa na kigari changu. Inategemea umeniuliza saa ngapi. Gari yenyewe haikunidanganya hata siku moja, iliniambia kila kitu nilipoiruhusu kukata kona.

Ile fyuzi ninayo kwenye pochi. Jana, nikitoka Tanga, nimeanza kusikia mvumo nyuma kushoto nikifika spidi 80, unaongezeka nikielekea kulia. Fundi amesema kwenye simu ni beringi ya tairi, hajaiona bado. Jumamosi naipeleka.