Kupima mchanga kando ya hifadhi: shimo au keekee ya mkono?

Swali hili hurudi kila inapotakiwa kujua mchanga uliopo karibu na misitu kama Ngezi, Pemba, au Jozani, Unguja. Kibali kwanza, bila hicho hata jembe lisiguse ardhi.

Shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 2, ni mita 2 za ujazo: zaidi ya tani 3 za kuchota na kurudisha. Gharama yake ni vibarua. Lakini kwa uhakika halina mshindani: unaziona tabaka kwa macho, unapima unene kwa futikamba, na sampuli ya kuchekecha hutoka safi. Hatari ni kubomoka. Ukipita kama mita 1.2 kwenye udongo wa kichanga, zuia kingo kwa mbao au usiingie kabisa. Udongo wa juu uweke kando peke yake, urudi wa mwisho, la sivyo majani huchelewa kuota.

Keekee hutoboa tundu la sentimita 10 hivi, mizizi mingi hupona, na watu wawili hufika mita 4. Ila hugonga jiwe dogo ukadhani mchanga umekwisha. Sogea mita 1, utoboe tena. Ikifika majini tundu hujifukia, lazima bomba la kushikilia kingo zake. Tena huchanganya tabaka, kwa hiyo kiasi cha udongo mfinyanzi usikiamini sana.

Penye miti mingi, keekee. Palipokwishachimbwa zamani, shimo. Eneo kubwa la kukadiria ujazo hutaka keekee kila mita 50, na mashimo mawili matatu ya kuhakikisha.