Anemoni yupi ununue kwa tangi dogo la samaki klauni

Kila anayeanza tangi la maji ya chumvi huja na picha ileile kichwani: samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari mieupe, amejilaza ndani ya minyiri ya anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, ambaye minyiri yake inayochoma humkinga samaki huyo. Basi huingia dukani akanunua wote wawili siku moja, na baada ya wiki tatu anemoni ameyeyuka. Jambo ambalo muuzaji hakumwambia ni kwamba samaki klauni anaweza kuishi maisha yake yote bila anemoni. Baharini akimkosa huliwa. Ndani ya kioo hakuna wa kumla. Nunua samaki kwanza. Anemoni aje mwisho, tangi likiwa limetimiza angalau miezi sita.

Tangi dogo ninalolizungumzia ni la lita 80 hadi 150. Ukiwa na dogo kuliko hilo, furahia samaki na matumbawe laini, anemoni mwache.

Nafasi ya kwanza nampa Entacmaea quadricolor, ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama balbu ndogo za taa. Huyu ndiye anayevumilia zaidi makosa ya mgeni, hukua hadi kama sentimita 30, na ana sifa moja inayomweka mbali na wenzake: hujigawa mwenyewe akawa wawili. Ndiyo maana usikimbilie dukani. Tafuta mfugaji ambaye wa kwake amejigawa, umnunue yule aliyezaliwa chini ya taa, aliyekwisha kuzoea maji ya tangi. Huyo ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko aliyebanduliwa mwambani na kusafirishwa siku kadhaa ndani ya mfuko. Kwenye matumbawe ya pwani yetu yumo pia, na najua kishawishi cha kwenda kumchukua mwenyewe. Ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu na Kisite ni marufuku kuondoa kiumbe chochote. Hata nje ya hifadhi, anemoni mmoja aliyeng'olewa ni nyumba ya familia nzima ya samaki iliyobomolewa.

Ubaya wake ni kutembea. Asiporidhika na mwanga au mkondo, huachia jiwe akaenda kutafuta pengine. Wangu wa kwanza nilimpoteza hivyo: asubuhi nilimwacha ametulia kwenye ufa wake, jioni nikakuta maji meupe kama maziwa na nusu ya mwili wake imeingia kwenye pampu. Samaki wote wawili walikufa usiku ule. Tangu hapo siwashi pampu ya mkondo bila kuifunika kwa sponji au wavu, nami nakusihi ununue kinga hiyo kabla ya kumnunua mnyama mwenyewe.

Nafasi ya pili nampa Sarcophyton, na huyu si anemoni kabisa. Ni tumbawe laini lenye umbo la uyoga. Samaki klauni wengi hujilaza juu yake vilevile kama kwenye anemoni, halitembei, na halihitaji taa kali. Kama tangi lako halijafikisha nusu mwaka, hili ndilo nambari moja kwako.

Ya tatu ni Heteractis crispa, mwenye minyiri mirefu na mguu unaozama mchangani. Anaweza kufika sentimita 50, yaani ataijaza nusu ya tangi lako, na wengi wanaouzwa ni weupe. Weupe huo huwavutia wanunuzi, kumbe ni ugonjwa: mnyama amepoteza mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake na kumlisha kwa mwanga. Wa kahawia, hata kama hapendezi, ndiye mzima. Mwenye manjano au zambarau inayong'aa mwili mzima kama kitambaa kipya huenda ametiwa rangi; mpite.

Waliobaki sishauri uwanunue. Stichodactyla haddoni, yule anayetandaza mwili kama zulia, anauma sana na hula samaki wanaomgusa. Heteractis magnifica ni mrembo kuliko wote na hufikia mita moja akiwa baharini, lakini hutaka mwanga na mkondo ambao tangi la lita 100 halina, na wengi hufa mapema. Condylactis wa Karibiani huuzwa bei nafuu, lakini huko kwao hakuna samaki klauni hata mmoja. Usishangae wako wakimpuuza.

Kwa upande wa samaki, chukua Amphiprion ocellaris waliototolewa kwenye matangi. Ni wapole, wadogo, na hula chakula cha kawaida tangu siku ya kwanza. Kwa asili hawaishi na Entacmaea, ila ndani ya tangi wengi humkubali, wengine baada ya miezi. Wa kwetu Afrika Mashariki, Amphiprion allardi, humpenda Entacmaea tangu baharini, lakini hukua mkubwa na mkali mno kwa tangi dogo. Nunua wawili wachanga wasiolingana ukubwa. Wote huzaliwa madume, na yule mkubwa atageuka jike. Watatu watapigana hadi mmoja afe.

Pesa nyingi ziende kwenye taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, na refraktomita ya kupimia chumvi: lenga gramu 35 kwa lita. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Muscat hana haja ya hita karibu mwaka mzima. Shida yake ni joto. Maji yakae nyuzi 25 hadi 27. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huyashusha nyuzi mbili au tatu, ila maji hupungua haraka na chumvi ikapanda, kwa hiyo kila siku ongeza maji matamu yaliyochujwa, kamwe si ya chumvi. Pampu ya hewa inayotumia betri iwe tayari kwa ajili ya umeme unaokatika.

Siku ya kununua, angalia mdomo wa anemoni. Uwe umefunga, ulio wazi na kulegea ni dalili mbaya. Mguu usiwe na mchaniko, na minyiri ing'ang'anie kipande cha nyama ya kamba anachopewa. Omba abanduliwe polepole kwa kusukuma ukingo wa mguu, asivutwe. Muulize muuzaji kama maji yake yana dawa ya shaba, kwa kuwa shaba humuua anemoni.

Nyumbani mzoeshe maji tone kwa tone kwa muda wa saa moja au zaidi, mweke karibu na ufa wa jiwe, uzime pampu za mkondo hadi ashike. Akisinyaa siku ya kwanza usiogope. Akianza kunuka na kuchuruzika vipande, mtoe saa hiyohiyo, ubadilishe maji mengi kabla samaki hawajadhurika.