Kikhmu cha mashariki na cha kaskazini

Kikhmu, ndugu wa mbali wa Kikhmer na Kivietinamu, huzungumzwa zaidi kaskazini mwa Laos. Lahaja ya mashariki haina toni, yaani kupanda au kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Konsonanti ndizo hutenganisha maneno. *Glaang* ni jiwe, *klaang* ni ndege tai, kama sisi na “guna” na “kuna”. Mswahili hapati shida hapo.

Ya kaskazini imepoteza konsonanti ghuna hizo za mwanzo, zile zenye mtetemo kooni kama g na b. Jiwe na tai yote huanza na k, ila jiwe lina toni ya chini na tai ya juu. Pombe ya mchele, *buuc*, nayo imekuwa *puuc* ya toni ya chini. Ukiipandisha, umesema kuvua nguo! Mgeni afadhali aanzie mashariki.