Lego za mtumba kwenye meza ya uwakala: uzoefu wangu wa Mbeya

Niseme mapema, mimi siuzi toi. Mimi ni wakala wa pesa za simu, nauza floti (salio la uwakala) na fotokopi pale Kabwe, Mbeya, ila siku hizi wateja wakifika mezani hata kabla hawajasema wanatoa shingapi wanauliza "kaka hiki kitu cha simu umekipata wapi?" na nikisema nimejenga mwenyewe kwa lego, vile vitofali vya plastiki vya watoto vya kubandikana, wanajua nawazingua. Sasa naandika yote hapa, bei, vinavyofaa, visivyofaa, mwenye kutaka aige.

Meza ya wakala mnaijua. Mitandao minne, mimi nina smatifoni mbili na viswaswadu viwili (simu ndogo za vitufe), juu ya hapo daftari la miamala, mhuri, stepla, chaji zinazogombana, chenji, na kalamu ambazo kila mteja akisaini anaondoka nayo sikioni. Meza yenyewe nusu ya mlango. Nilimuuliza fundi seremala mmoja anitengenezee kiboksi cha mbao chenye vyumba, akanitajia elfu thelathini, bei sio mbaya kwa kazi ya mkono, lakini boksi la mbao likishapimwa limepimwa, kesho simu inakufa unanunua nyingine nene au unaivalisha kava la mpira haiingii tena, unarudi kwa fundi. Na vile vya plastiki vya madukani ni vya mtu mwenye kalamu na pini tu, hamna aliyefikiria simu nne.

Lego nilizipata soko la Mwanjelwa, kwa dada anayeuza toi za mtumba, zile zinazokuja kwenye balo zimechanganyika na midoli isiyo na kichwa na magari ya matairi matatu. Anapima kwa sado, elfu kumi na mbili, ukiongea naye vizuri anajaza mpaka inamwagika.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Ni za kwangu dada, za ofisini."

Akaniangalia kwanza. "Haya baba, chagua."

Nikachagua na nikachukua sado mbili, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshanunua pia boksi jipya la dukani la kampuni nyingine (siitaji jina), elfu kumi na tano, picha nzuri juu ya boksi. Kwa hiyo nimetumia zote na naweza kulinganisha, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri maana hela inapotea hapa.

Mtumba original unalipiga boksi jipya la feki kwa mbali sana. Lego original utaijua kwa kuangalia vile vinundu vya juu, kila nundu moja imeandikwa LEGO, hata kitofali kiwe kidogo vipi. Hiyo kampuni ni ya Denmark, mji wa Billund, ilianza 1932 na toi za mbao, na hili tofali la sasa lenye vinundu juu na vibomba ndani walilisajili 1958. Hivyo vibomba vya ndani ndo siri yenyewe, nundu inabanwa kati ya kibomba na ukuta, ndio maana ukibandika linakaa. Tangu 1958 vipimo havijabadilika, kwa hiyo kwenye sado moja unaweza kuwa na tofali alilochezea mzungu ambaye sasa hivi ni babu, na lingine la juzi, na vinashikana bila shida. Kuanzia 1963 wanatumia plastiki inayoitwa ABS, ngumu, haichubuki ovyo, inarudi kwenye umbo lake ukishaichomoa.

Hataza ya lile tofali (haki ya kulitengeneza peke yao) iliisha zamani kwa hiyo kampuni nyingine kutengeneza saizi ileile sio wizi, na zipo zinazotengeneza vizuri. Lakini boksi langu lile halikuwa hivyo. Mengine yanabana mpaka utumie meno, mengine ukipiga chafya yameachia, na yana harufu ya mafuta ya taa ambayo ilikaa wiki nzima. Kwa toi ya mtoto sawa, mnara ukianguka anacheka. Kwa kitu kinachobeba simu yenye floti ya watu hapana. Sa hivi nayatumia kujazia katikati tu, sehemu isiyobeba chochote.

Haya, vipimo, maana watu wengi wanajenga kwa kukisia halafu wanasema lego hazifai. Kutoka nundu hadi nundu ni milimita 8. Urefu wa kwenda juu wa tofali moja ni milimita 9.6 ukiacha nundu. Zipo na zile bapa nyembamba, tatu kati ya hizo ukizipanga unapata urefu wa tofali moja, yaani kila moja ni 3.2. Ukishika hizo namba tatu kichwani unaweza kupima kitu chochote cha mezani kwa rula ya shule na ukajua kabisa unahitaji nundu ngapi kabla hujagusa tofali. Mimi napima, nachora kwenye karatasi ya hesabu, ndo najenga.

Mfano simu. Smatifoni nyingi ni milimita nane hadi tisa, ukiweka na kava inazidi, kwa hiyo nafasi ya nundu moja haitoshi, usijaribu. Kiswaswadu kinaingia vizuri kwenye nafasi ya nundu mbili, milimita 16, kinasimama wima kinasubiri, nakichomoa nikitaka kupiga *150*00# ya M-Pesa nakirudisha. Smatifoni inataka kulala kidogo ili uisome umekaa. Hapo nimeweka kizuizi cha mbele urefu wa tofali mbili, nyuma ukuta wa tofali nane, katikati nikaacha nafasi ya nundu tano. Simu inakanyaga chini mbele, mgongo unaegemea juu ya ukuta. Nundu tatu inasimama sana, mwanga wa mlangoni unaipiga kioo huoni kitu, nundu saba inalala kama mgonjwa. Tano. Na katikati ya sakafu acha upenyo wa nundu mbili ili kichwa cha chaji kipite kwa chini, bila hivyo utakuwa unainua simu kila ukitaka kuchaji na hiyo stendi haina maana.

Kitu kingine, funga tofali. Nikisema funga namaanisha kama fundi ujenzi anavyopandisha ukuta, kozi (mstari wa tofali) ya juu ikalie maungio ya kozi ya chini. Nimeona watu wanapanga tofali juu ya tofali kama makontena bandarini, ukuta unapasuka katikati wanalaumu lego. Zile za nundu mbili kwa nne ndo mkombozi, chagua hizo nyingi kuliko zote, na bapa ndefu za kufungia juu na chini.

Tatizo la lego ambalo sikuwa nimelifikiria ni uzito, yaani ni nyepesi mno. Tofali la mbili kwa nne ni gramu mbili na kidogo tu. Ukiweka kalamu ndefu kwenye kikopo cha lego, mteja akiigusa na mkono wa sweta kinaanguka, na Mbeya mwezi wa sita nani hana sweta. Dawa yake jenga sakafu yenye uwazi ndani, jaza nati chakavu za gereji kisha funika na bapa. Nati zangu nilipewa bure. Njia nyingine ni kuanzia chini na Duplo, zile kubwa za watoto wadogo, ambazo kila upande ni mara mbili ya za kawaida lakini ukiweka tofali la kawaida la mbili kwa nne juu yake linashika kabisa. Kwenye mtumba Duplo zimejaa na watu hawazitaki kwa hiyo dada ananiongezea bure. Msingi unatoka mpana, haraka, na una nafasi kubwa ya kumwaga nati.

Kikopo cha kalamu kiko hivyo, nje nundu sita kwa sita, ndani kinabaki nne kwa nne, urefu tofali tisa. Hakuna la kusema zaidi, kinashika kalamu. Ila kalamu ya wateja nimeifunga kamba kwenye tofali lenye tundu, na kalamu imeacha kuondoka.

Sehemu ya chenji ndo ninayojivunia. Vyumba vinne, vya sarafu za 50, 100, 200 na 500, kila chumba upana wa nundu nne ambazo ni milimita 32, hata ile ya 500 inaingia na nafasi kidogo inabaki. Shida ni sakafu, sarafu ikilala juu ya vinundu haitelezi na huwezi kuiokota upesi. Kuna bapa zisizo na vinundu, laini juu, hizo ndo zinatakiwa, ila kwenye sado mbili nilipata chache sana, zikatosha chumba kimoja. Vingine nimetandika jalada gumu la daftari nililokata kwa kipimo, inafanya kazi ingawa sio ya kupiga picha. Kwa nyuma nimeinua sakafu kwa bapa moja ili sarafu zishuke mbele zenyewe.

Mama mmoja mteja wangu, anauza ndizi za Tukuyu pale stendi, alivyoiona mara ya kwanza nikamwamkia akaitikia "marahaba mwanangu" halafu kimya anaangalia tu. "Mwe! Na ndevu hizo unacheza?" Nikamwonyesha nikatoa chenji ya elfu mbili mia saba bila kutazama chini. Akahesabu, akaniambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaondoka. Kesho yake akarudi na vipimo vya sanduku lake la hela, kapima kwa kipande cha kamba.

Waya za chaji: wale vijamaa wa lego, wenye mikono ya kikombe, waliotoka tangu 1978, mikono yao inabana waya mwembamba wa chaji vizuri kabisa kana kwamba wametengenezwa kwa ajili hiyo. Nimewapanga ukingoni mwa meza kila mmoja kashika waya wake, mwenye kofia nyekundu ni wa mtandao mwekundu na kadhalika. Waya mnene wa kusuka hauingii. Na kaeni macho, watoto wanaokuja na mama zao wanawaiba, na wale wa chini ya miaka mitatu msiwaachie vipande vidogo kabisa, wanameza.

Ambacho sishauri ni trei ya karatasi za A4. Nilipiga hesabu nikaacha. A4 ni milimita 210 kwa 297, ukigawa kwa nane unahitaji uwazi wa nundu 27 kwa 38, kozi moja tu ya kuzunguka inakula tofali zaidi ya 30 za nundu nne, na bado hujagusa sakafu, ambayo kwa uzito wa rimu moja itabonyea katikati. Nunua trei ya waya, au tumia boksi la rimu lenyewe. Stendi ya mhuri na kidau chake nayo nilijenga, ikawa sawa, ila wino ukimwagika kati ya vinundu kuusafisha ni adhabu.

Usafi ndo udhaifu mkubwa hasa. Kiangazi vumbi la Kabwe na daladala zile, kila nundu inajitengenezea kiduara cha vumbi. Mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, yasizidi nyuzi 40, kwa hiyo hata kama baridi inakata vidole usimwagie maji ya birika, vitofali vinapinda na vikipinda havibani tena. Wino wa kalamu usiutoe kwa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, ina asetoni, inayeyusha ABS mbele ya macho yako, dada wa saluni ya jirani alitaka kunisaidia nikamdaka mkono. Na nyeupe usiziweke dirishani, jua linazifanya njano kama meno ya mvuta sigara. Nyekundu na nyeusi ndo zimekaa vizuri kwangu.

Nikitoa alama, lego original za mtumba nane kwa kumi, mbili nimekata kwa sababu ya vumbi na kwa sababu huchagui unachopata. Boksi la feki tatu. Gharama yangu yote ukitoa hilo boksi ni elfu ishirini na nne, na mabaki yapo ya kutosha kujenga kingine. Tangu nianze nimeshabadilisha simu moja, nikabomoa ukuta wa mbele nikausogeza nundu moja, kazi ya kusubiri mteja mmoja aandike namba yake.

Ukienda Mwanjelwa uliza kwanza balo la toi linafunguliwa siku gani na uwahi asubuhi, maana mchana wachuuzi wengine wameshachambua. Beba tofali moja original mfukoni, jaribu kila unalotilia shaka, likibana na ukaweza kuliinua juu bila kuachia chukua, likilegea rudisha. Bapa laini zisizo na vinundu chukua zote hata kama hujui utazifanyia nini. Magurudumu muachie dada, ana wateja wake wa miaka mitano.