Chupa Zimehesabiwa: Uzoefu Wangu wa Kilomita 32 Kwenye Mikonge ya Tanga

Kama umetumiwa namba ya kulipia zile mbio ndefu za mazoezi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Amboni, na unajishauri ulipe au usilipe, soma kwanza. Jina la waandaaji silitaji. Wakimbiaji wa Tanga watajua nawasema akina nani, na wasiojua watawajua koo likishawakauka.

Elfu thelathini na tano. Kwa hela hiyo tuliahidiwa maji sehemu tatu, ndizi, machungwa, kijana wa kuongoza mbele, mwingine wa kufunga nyuma, na gari la kumbeba atakayeshindwa. Tena wakasisitiza kwenye ujumbe: msije na chupa zenu, tunatunza mazingira, maji yapo ya kutosha. Haya.

Sisi tuliojiandikisha Kilimanjaro Marathon, ile ndefu ya kilomita 42 na ushee, tunajua kilomita 32 ni kipimo cha namna gani. Ukifika kwenye thelathini hivi, akiba ya nguvu iliyoko kwenye misuli na ini inakaribia kwisha, na miguu inaanza kugoma. Bora igome ukiwa mazoezini kuliko igome Moshi kwenye kile kilima cha kwenda Mweka. Na umbali huo huwezi kuukimbia peke yako barabara ya Horohoro katikati ya malori. Nililipa, tena kwa moyo mweupe.

Tuliambiwa tuwe tumeanza saa kumi na moja alfajiri, kutokea getini pale kwenye mapango ya Amboni. Kaskazi ilikuwa imekolea, kila mtu anajua jua la Tanga likishapanda halina adabu. Saa kumi na mbili na robo bado tunapigwa picha na bango. Kisha mkuu wa msafara akatupa hotuba ya mkonge: kwamba aliyeuleta ni Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893, kwamba miche iliyopona ni 62 tu, na kwamba mashamba yote haya tutakayopita chimbuko lake ni hiyo miche 62. Akahamia kwenye mapango, na yale masimulizi ya wazee kwamba kuna njia humo ndani inatokea hadi Kilimanjaro. Watu wakacheka. Mimi sina ugomvi na historia, lakini anga ilikuwa inang'aa na mtu anahesabu miche.

Tukaanza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Na hapa lazima niseme ukweli, njia ni nzuri ajabu. Kwanza unapita kwenye miti karibu na mto, kuna ubaridi, mizizi imejaa njiani inabidi uangalie unapokanyaga. Halafu unatokea kwenye udongo mwekundu na mikonge imepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Vijia ni vyembamba. Ukipotea kidogo tu pembeni, ile ncha nyeusi ya jani inakuchoma pajani kupitia bukta, na mimi nimerudi na vidoa vya damu mguu wa kulia kama niliyechanjwa. Ukikaribia korona, kile kiwanda cha kuchambua mkonge, harufu ya maganda yaliyooza inakupokea kabla hujaona jengo, ila singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizoanikwa kwenye kamba, nyeupe, zinapeperuka, zinapendeza kweli. Kijijini watoto walitukimbilia wakipiga kelele "Simbu! Simbu!" Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathon kule Tokyo mwaka 2025, naona kila mwenye raba ni Simbu. Mimi na dakika zangu nane na ushee kwa kilomita nimeitwa Simbu. Hilo peke yake lilikuwa linatosha kunipa moyo wa kilomita tano zaidi.

Kituo cha kwanza cha maji kilikuwa safi. Ndizi zipo, maji yapo, dada wa pale anakushangilia. Ningeishia hapo ningewapa nyota zote.

Kituo cha pili kilitakiwa kuwa kilomita ya 21. Nimefika jua limeshika kichwa, midomo ina chumvi. Tatizo la jasho la pwani ni kwamba halikauki. Hewa imejaa unyevu, jasho linachuruzika tu mpaka kwenye soksi, na jasho lisilokauka halikupozi, kwa hiyo mwili unazidi kumwaga jingine. Mfukoni nilikuwa na pakiti ya ORS ya duka la dawa, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, mkavu, unangoja maji lita moja. Nikawa najiambia pale penye mti ule, pale nachanganya, nakunywa taratibu, naendelea.

Penye mti kuna kirikuu. Nyuma ya kirikuu katoni za maji zimefunikwa turubai, kamba imekazwa. Meza imekunjwa. Vijana wawili: mmoja amelala kwenye usukani na simu, mwingine amekaa kwenye bampa anakula chungwa. Chungwa letu.

"Habari kaka. Maji tafadhali."

"Dada, tumeshafunga."

Nikadhani anatania. Nikamwambia watu bado wako nyuma, tena wengi. Akajibu bila kuniangalia kwamba maelekezo yanasema saa tatu na nusu kituo kinafungwa. Hiyo ilikuwa saa nne kasoro. Nikamuuliza, maelekezo hayo si yaliandikwa kwa watu waliotakiwa kuanza saa kumi na moja? Nyie mmetuanzisha saa moja na dakika arobaini baadaye, mbona saa ya kufunga haikusogea? Akasema hayo mimi niulize ofisini.

"Basi legeza kamba kidogo nitoe chupa moja."

"Zimehesabiwa."

"Zimehesabiwa za nani?"

"Za kule mwisho."

Na hapo ndipo alipolimaliza chungwa lake, akanyoosha mkono chini ya kiti, akatoa chupa ya maji, nzima, akaivunja kizibo. Nikajua ameshikwa na huruma. Akanawa mikono. Kwanza vidole, halafu viganja, halafu akajimwagia kidogo kwenye kidevu palipokuwa na utomvu wa chungwa. Nimesimama mbele yake nimeshika pakiti ya ORS. Maji yakaingia kwenye udongo mwekundu, yakapotea. Kilichobaki akakinywa, akasema, "Malizia tu dada, si mbali, kuna kituo cha tatu."

Si mbali! Kilomita sita kwenye mikonge bila kivuli!

Wanaojua kukimbia watanielewa. Yule wa mbele kabisa amemaliza zile 32 kwa saa tatu kasoro, na karibu nusu ya muda huo jua halijakomaa. Mimi nimekaa huko karibu saa tano, na sehemu kubwa ni juani. Sasa nani anahitaji maji kuliko mwingine? Wao wanapanga maji kama zawadi ya kuwahi. Mwenye mbio anapewa anywe, amwagie kichwani, atupe chupa imebaki nusu (nimezikuta njiani, mazingira oyee), na mwenye kuchelewa anaambiwa zimehesabiwa. Elfu thelathini na tano yake na yangu zina tofauti gani?

Kijana wa kufunga nyuma hakuwepo nami, na yeye simlaumu. Alibaki na kaka mmoja aliyekamatwa na msuli wa mguu. Baadaye nilisikia alimpa kopo lake la maji lote, naye akaja mkavu mpaka mwisho. Huyo mpandisheni mshahara, kama mnamlipa.

Nikaendelea kwa kutembea. Kizunguzungu kidogo, na ule ubaridi wa ajabu mikononi wakati jua linawaka, ambao ukiusikia ujue mwili unakuonya. Sijui ni umbali gani nilikuwa nimekwenda nilipowakuta wakata mkonge wamepumzika kando ya njia, mafungu ya majani yamepangwa pembeni yao.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba mwanetu. Mnakimbizwa na nani leo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mmoja akanyanyua dumu la njano lililofungwa gunia bichi ili lisipate moto, akanimiminia kwenye kikombe cha plastiki. Maji yana ladha ya moshi na dumu, baridi kuliko nilivyotegemea. Nikataka kukigugumia, akanizuia mkono: polepole mwanangu, utatapika. Kikombe cha pili nikachanganya unga wangu kwa kukisia. Nikawauliza niwalipe nini, wakaniona nina wazimu. Hao wameamka alfajiri kuliko sisi, wanalipwa kwa kazi wanayokata, na maji yao hawakuyahesabu.

Kituo cha tatu sitakizungumzia, kilikuwepo, basi.

Kule mwisho nako kuna mambo mawili. La kwanza, katoni zile zilizohesabiwa zilikuwepo, zimepangwa, na nyingi zilirudi kwenye gari zikiwa hazijafunguliwa. Nimeziona kwa macho yangu. La pili, walimkodi mama mmoja wa vitumbua na uji wa pilipili manga. Utasema uji wa moto saa tano mchana na jua lile ni kichaa, na mimi nilisema hivyo hivyo, mpaka nilipoonja. Nikanywa vikombe sivisemi. Mama yule alivyoniona tu akasema, "Kaa kivulini kwanza, midomo imekuwa myeupe," akaniletea mwenyewe. Kwa dakika kadhaa nikasamehe kila mtu.

Jioni nikapiga simu ofisini kwao. Nikapokelewa na "pole kwa changamoto". Nikamweleza habari ya kunawa mikono. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mwendo wangu ni dakika ngapi kwa kilomita. Nikamwambia. Akasema, "Aa, basi wewe uko kwenye kundi la kutembea, dada yangu, hiyo mbio ilikuwa ya wakimbiaji." Nilikata simu. Hawakuandika popote kwamba ni ya wenye mbio. Hela waliipokea bila kuniuliza mwendo.

Kwa hiyo nilikaa niandike: msiende, ni wababaishaji. Nimeandika, nimefuta. Maana njia ile sijaona mfano wake hapa Tanga, na siku zilizofuata miguu yangu ilikuwa imara kuliko baada ya mbio yoyote ya lami, udongo haupigi magoti kama lami inavyopiga. Mwongozaji wa mbele anaijua njia, alama zimefungwa vizuri, hakuna aliyepotea. Dada wa kituo cha kwanza ana roho nzuri. Mama wa uji nimeshamsema. Nikiwaambia msiende nitakuwa nawanyima kitu.

Lakini nikiwaambia nendeni, nitamwona tena yule kijana akikunjua vidole vyake kimoja kimoja chini ya maji.

Nendeni, kama mwendo wenu ni wa dakika sita. Sisi wa nane na kuendelea tujipange wenyewe, tukodi bodaboda mmoja na madumu mawili, tuwapitie wale wazee na kilo mbili za sukari, na hesabu nimeshapiga, haifiki elfu kumi kwa mtu. Wakisogeza saa ya kufunga vituo nitarudi kwao hata mwezi ujao. Wasiposogeza nitarudi vilevile, ila na chupa zangu mgongoni, wanikataze.