Programu ya kumbukumbu za utetezi: muda inaujua, siri bado

Nimeitumia programu hii kwa robo nne za mwaka mfululizo, katika ofisi ya mawakili wa utetezi wanaolipwa kwa fedha za umma, na taarifa zote tulizowapelekea wanaotulipa zilitoka humo.

Sifa yake kubwa ni namna inavyotunza muda. Wakili anapofungua jalada, saa huanza kuhesabu yenyewe, na anapolifunga hutakiwa kuchagua alichokifanya: kumtembelea mshtakiwa mahabusu, kusoma ushahidi, kuandaa maombi ya dhamana, kuhudhuria mahakamani, au kusubiri shauri liitwe. Hilo la kusubiri ndilo lililonifurahisha, kwa sababu asubuhi nzima yaweza kuishia kwenye benchi na shauri likaahirishwa ndani ya dakika tatu. Zamani tulijaza saa hizo mwisho wa mwezi kwa kukumbukakumbuka, hadi mkaguzi mmoja akaniuliza kwa upole nimewezaje kufanya kazi saa 8 kamili kila siku kwa siku 22. Sikuwa na jibu.

Wapo wanaodhani idadi ya mashauri inatosha kupima kazi ya wakili. Mwaka 1973 tume ya ushauri nchini Marekani ilipendekeza wakili mmoja asipewe zaidi ya mashauri 150 ya makosa makubwa kwa mwaka, kana kwamba mauaji na wizi vina uzito mmoja. Utafiti wa huko huko wa mwaka 2023 ulipima kwa saa, na kwa mashtaka yanayoweza kuleta kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa mapema ukakadiria saa 286 kwa shauri moja. Ofisi isiyoandika saa zake itaombaje kuongezewa mawakili?

Kwenye kuhesabu mashauri yenyewe, programu inakosea: kila shtaka huliona kuwa shauri, hivyo mtu mmoja mwenye mashtaka matatu ya tukio moja hutokea mara tatu, isipokuwa karani ayaunganishe mwenyewe. Taarifa yetu ya kwanza ilitufanya tuonekane wachapakazi wa ajabu, na ikabidi tuirudie. Ukaguzi wa mgongano wa maslahi, yaani kuangalia kama mteja mpya anagongana na mteja mwingine wa ofisi, kwa upande mwingine, hauna kasoro.

Kasoro inayonikera iko kwenye sehemu ya maelezo. Kisanduku cha kuambatisha maelezo ya wakili kwenye taarifa ya mlipaji huja kikiwa na alama ya tiki tayari. Nilipokuwa nikipitia rasimu ya robo ya pili nilikuta sentensi niliyojiandikia mwenyewe: «Anasema alikuwepo, ila panga hakulishika.» Mlipaji anastahili kujua kwamba nilikaa mahabusu dakika 48, kwa kuwa fedha ni za umma, lakini tulichozungumza humo ni siri ya mteja, na karatasi ikishatoka ofisini hakuna ajuaye itasomwa na nani. Tiki huondolewa kwa kubofya mara moja, lakini hurudi kila programu inapoboreshwa. Nimewaandikia walioitengeneza mara mbili, na mara zote mbili wamenishukuru kwa maoni yangu.

Kwa ofisi yenye karani anayesoma kila ukurasa kabla haujatumwa, naipendekeza. Wakili anayefanya kazi peke yake asubiri kwanza kisanduku hicho kirekebishwe.